Miaka mitano Michigan State: uzamivu wa kilimo nilivyouona

"Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Nimesikia ulisoma Michigan State. Je, chuo ni kizuri?"

Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu yangu kila inapokaribia Septemba, vijana wanapoanza kuandaa maombi. Huwa nawajibu kwa vipande, leo habari za ada, kesho habari za baridi, keshokutwa nasahau nilimwambia nani nini. Nimeona bora niandike yote mahali pamoja, kwa urefu, mtu asome akiwa ametulia.

Mimi ni mtafiti wa maharage, nipo Mbeya. Nilifika East Lansing, jimbo la Michigan, Marekani, Agosti 2016, nikamaliza Mei 2021 nikiwa na shahada ya uzamivu katika uboreshaji wa mbegu. Nitakayoyasema ni ya upande wa kilimo. Aliyesoma biashara au sheria pale pale atakuwa na simulizi yake.

Jibu langu kwa swali hilo ni ndiyo, na kama ningeanza upya leo ningeomba tena pale pale. Ila wengi wanaoniuliza wana picha ya majengo, maabara na jina kubwa kwenye cheti. Hivyo vipo. Mimi kilichonibadilisha nilikikuta kwenye shamba la maharage, umbali wa mwendo wa gari kutoka kampasini, mbele ya mzee mmoja aliyevaa kofia ya kapelo. Nitafika huko.

Kwanza ujue unakwenda kwenye chuo cha aina gani, maana usipojua hilo utashangaa mengi. Chuo kilianzishwa Februari 1855 kama chuo cha kilimo cha jimbo. Miaka saba baadaye, Julai 2, 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyopigiwa debe na mbunge Justin Morrill wa Vermont: kila jimbo lipewe ekari 30,000 za ardhi ya serikali kwa kila seneta na kila mbunge lililonaye, liuze, na fedha zijenge chuo cha kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kawaida. Ndiyo maana vinaitwa vyuo vya ruzuku ya ardhi. Mwaka 1887 ikaja sheria nyingine ya kuweka vituo vya utafiti wa kilimo kwenye vyuo hivyo, na mwaka 1914 ya tatu, ya ugani. Kwa hiyo bwana shamba wa Marekani ni mtu wa chuo kikuu. Kwetu mtafiti yuko taasisi yake, mwalimu yuko chuoni, afisa ugani yuko halmashauri, na mara nyingi hawajuani hata kwa sura. Kule wote watatu wana mwajiri mmoja, na wakati mwingine ni mtu yule yule mmoja, asubuhi anafundisha, mchana yuko kitaluni, jioni anaongea na wakulima.

Hiyo "ardhi ya serikali" ilikuwa na wenyewe. Karibu ekari milioni 11 zilizogawiwa kwa sheria ile zilitoka mikononi mwa mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, mengine kwa mikataba ya shinikizo, mengine kwa kunyang'anywa. Kampasi yenyewe ya East Lansing iko kwenye ardhi ya watu wa Ojibwe, Odawa na Potawatomi, iliyoachwa kwa Mkataba wa Saginaw wa 1819. Mikutano mingi pale huanza kwa kusomwa maneno ya kuwakumbuka. Mara ya kwanza nilipoyasikia nilifikiri ni sala. Nilipoelewa, yalinikaa moyoni, kwa sababu natoka Rungwe, na kwetu shamba lililoacha mwenyewe bila ridhaa halisahauliki hata vipite vizazi vitatu. Vyuo vya mataifa ya wenyeji hao viliingizwa kwenye mpango wa ruzuku mwaka 1994, miaka 132 baada ya sheria ya kwanza. Ukienda kusoma pale, beba na hilo.

Sasa maharage. Michigan ni kati ya majimbo yanayoongoza Marekani kwa maharage makavu, na kwa maharage meusi ndilo la kwanza. Yanalimwa zaidi upande wa mashariki, kwenye wilaya kama Huron, Tuscola na Sanilac, eneo ambalo wenyeji wanaliita Kidole Gumba kwa sababu ramani ya jimbo imekaa kama kiganja. Chuo kimekuwa kikitoa mbegu za maharage kwa wakulima hao vizazi na vizazi. Mwaka 1956 kilitoa aina waliyoipa jina la wilaya hiyo, Sanilac, ambayo chanzo chake kilikuwa mbegu zilizopigwa miale ya eksirei, na mmea uliokuwa ukitambaa ukawa kichaka. Ukitoka Uyole, kituo chetu cha utafiti wa kilimo Mbeya, ambako tuna mbegu za Uyole Njano na Calima Uyole na Wanja, unajikuta miongoni mwa watu mnaoongea lugha moja kabla hata Kiingereza hakijanyooka.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye ua. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo ukitaka kuoanisha aina mbili lazima uwahi. Nilikuwa naingia kitalunyumba alfajiri, nje bado giza na theluji imefika magotini, ndani joto la Kyela. Unatafuta chipukizi lililovimba ambalo kesho lingefunguka. Unalishika kwa vidole viwili bila kulibana, unapasua petali kubwa kwa ncha ya kibano, unashusha mbawa mbili, unakuta ule mtumbwi mdogo uliojisokota kama konokono. Ndani yake kuna stameni kumi, yaani vijiti vya kiume vyenye chavua, tisa zimeshikana na moja iko peke yake. Unazitoa zote kumi bila kugusa kikonyo cha kike kilicho katikati. Kisha unachukua kikonyo cha ua la baba, kimejaa chavua, unakining'iniza kwenye cha mama kama ndoano kwenye ndoano. Unafunga petali, unafunga uzi wenye rangi, unaandika tarehe. Baada ya siku nne au tano ua likianguka, kazi imepotea. Likibaki na kijiti kidogo cha kijani, una mtoto. Miezi ya mwanzo, katika maua kumi nikipata matatu nilimshukuru Mungu. Nilipoondoka nilikuwa napata saba. Hakuna kitabu kilichonipa hayo manne ya katikati. Alinipa mama mmoja fundi wa kitalunyumba, hana shahada ya uzamivu, ana miaka mingi ya kushika maua, na msimamizi wangu mwenyewe alikuwa anakwenda kumuuliza.

Swali langu la utafiti lilikuwa muda wa kuiva. Mama yangu, Tukuyu, anabandika maharage baada ya chai ya asubuhi ili yaliwe mchana. Kuni zinakwisha, mtoto wa kike anatumwa kuzitafuta, moshi unamwingia kila mtu. Nilitaka kujua kwa nini aina moja inaiva mapema na nyingine inagoma, na kama hiyo sifa inarithishwa.

Kipimo chake kinafanywa kwa kifaa kinachoitwa Mattson, na nakieleza kwa sababu nimekipenda kuliko mashine zote za gharama nilizozikuta kule. Ni kisahani cha chuma chenye matundu 25. Unaloweka maharage usiku, asubuhi unaweka punje moja kwenye kila tundu, na juu ya kila punje inasimama fimbo nyembamba ya chuma yenye ncha. Unazamisha kisahani kwenye maji yanayochemka, unashika saa. Punje ikilainika, fimbo inapenya na kuanguka, tik. Unaandika dakika. Fimbo ya 20 ikianguka, unahesabu kwamba maharage yameiva. Siku ya kwanza aina moja iliiva haikufika dakika 25. Nyingine, yenye rangi na ukubwa ambao sokoni usingezitofautisha, ilivuka saa nzima. Nilikaa kwenye kigoda maabara nikisikiliza zile tik, nikawa nahesabu kuni za mama yangu.

Ndipo nikafika kwa mzee mwenye kapelo. Agosti 2018 chuo kilifanya siku ya wakulima kwenye kituo chake cha Saginaw Valley, karibu na Frankenmuth. Trekta inavuta tela lenye mabenchi, wakulima wamekaa, linasimama kwenye kila kitalu, na mwanafunzi mwenye kitalu hicho anasimama chini kueleza. Nilikuwa na dakika sita. Nikaeleza maharage yanayoiva haraka, nikaeleza kuni, nikaeleza mama zetu. Walisikiliza kwa adabu sana. Nilipomaliza, mzee mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Akasema maharage yake yote yanakwenda kiwandani kutiwa kwenye makopo, na wanaokula wanafungua kopo, hawapiki. Akasema kila anapouza, sehemu ya mauzo yake inakatwa kwenda kwenye tume ya maharage ya jimbo, na tume inatoa fedha za utafiti kwa chuo. "Sasa hela yangu," akasema, "iko wapi katika hicho kitalu?"

Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mbolea. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya maprofesa, jenetikia, takwimu, vyovyote. Hilo sikuwa nalo. Nikajibu kwamba hata kiwanda kinatumia mvuke kupika, na mvuke una gharama. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Sawa. Mwakani uje na namba."

Msimamizi wangu alikuwa amesimama pembeni na hakunisaidia hata kwa neno. Njiani kurudi niliudhika kidogo. Baadaye nikaelewa kwamba pale yule mzee ana haki ya kuuliza vile, na mwanafunzi ana wajibu wa kujibu, na profesa akiingilia anakuwa amenyang'anya haki hiyo. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilizaliwa kwenye lile tela. Nilipima aina zangu kwa namna kiwanda kinavyopika, namna punje zinavyopasuka kwenye kopo, namna rangi inavyobaki. Agosti 2019 nilirudi na namba. Mzee alikuwepo. Alichukua karatasi yangu, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

Kwa aina hii ya chuo, hilo ndilo ninalolipa alama za juu kabisa. Nimesoma shahada mbili kabla ya ile, na hakuna mkulima aliyewahi kuniuliza hela yake iko wapi. Na hela ilikuwa yake.

Habari za fedha, kwa sababu najua ndizo zinazotafutwa. Wanafunzi wengi wa uzamivu wa sayansi pale hawalipi ada kutoka mfukoni. Unaajiriwa na chuo kama msaidizi wa utafiti au wa ufundishaji. Ajira ya kawaida ni nusu, yaani saa 20 kwa wiki. Inakupa posho ya mwezi, bima ya afya, na msamaha wa ada wa krediti 9 kwa muhula wa vuli na wa masika, na 5 kwa kiangazi. Posho inatosha mtu mmoja anayejipangia. Kodi ya nyumba ilikula zaidi ya theluthi ya yangu. Usitegemee kibarua cha nje: viza ya mwanafunzi inakubana kwenye kazi za chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea, na saa hizo tayari umeshamkabidhi msimamizi. Ukiwa na mwenza, uliza mapema viza yenu ni ipi. Mwenza wa mwenye F-1, viza ya kawaida ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Wa mwenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, anaweza kuomba kibali. J-1 nayo, kama imelipiwa na serikali, ina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla hujaomba viza ya kazi au ukaazi. Mimi nilikuwa J-1 na nilitaka kurudi, kwa hiyo halikuniuma. Nimeona lilivyowauma waliosaini bila kusoma.

Kabla ya Michigan nilipata pigo nililolia nalo. Profesa wa chuo kingine aliniahidi nafasi, tukaandikiana miezi minne, akaniambia nisihangaike kwingine. Nikaacha kuomba kwingine. Kisha akanyamaza. Barua pepe tano, kimya. Mwaka mzima ulipotea. Kwa hiyo sikilizeni, wadogo zangu: ahadi ya profesa ni maneno mema mpaka idara itoe barua yenye saini. Na hata barua ikija, uliza mambo haya kwa maandishi. Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Imehakikishwa kwa miaka mingapi, na chanzo chake ni nini? Kisha omba majina ya wanafunzi wake wawili waliomaliza, uwaandikie wewe mwenyewe, uwaulize walichukua muda gani na kama wanaongea naye mpaka leo. Profesa mzuri hatachukia. Wangu alinipa majina manne bila kuombwa, na hapo ndipo nilipoamua.

Swali la chanzo cha fedha limekuwa zito zaidi sasa. Ufadhili wangu ulitoka kwenye mradi wa maharage uliolipiwa na USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, na Watanzania wengi wa kizazi changu walioanzia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walipita mlango huo huo. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliivunja USAID, na miradi mingi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa kwenye vyuo hivi ikafungwa. Mlango niliopitia mimi haupo tena. Waliobaki na uhakika zaidi ni maprofesa wenye fedha za jimbo, za tume za wakulima, na za wizara ya kilimo ya huko, na hizo nazo hazipendi sana mada za Afrika. Haina maana usiombe. Ina maana barua yako ya maombi imwonyeshe profesa kwamba swali lako linamfaa na mkulima wake, kama nilivyolazimishwa kujifunza kwenye tela.

Masomo yenyewe yanakwenda hivi. Mwaka wa kwanza na wa pili ni madarasa, na takwimu ndizo zitakazokutoa jasho. Kama hujui kuandika amri za programu ya R, anza leo ukiwa nyumbani, ni ya bure. Unaunda kamati ya wahadhiri wasiopungua wanne, mmoja wao msimamizi wako. Kamati hiyo ndiyo inayokupitishia mpango wa masomo, inakupa mtihani mkubwa wa kuandika na wa mdomo, na mwisho inasikiliza utetezi wa tasnifu. Kuna krediti 24 za utafiti ambazo lazima zitimie, mtihani mkubwa uwe umepita ndani ya miaka mitano na shahada ndani ya minane. Ukijipanga na maua yakikubali, mitano inatosha.

Kilichonichukua muda kuliko takwimu ni kuambiwa nimwite profesa kwa jina lake la kwanza. Mzee wa umri wa baba yangu! Mwaka mzima nilikuwa naanza barua pepe bila kumwita chochote, "Habari za asubuhi," basi. Na kila Jumatatu kwenye kikao cha maabara swali lilikuwa lile lile: "Wewe unafikiri nini?" Nilizoea kuandika anachofikiri mwalimu. Mwezi wa tatu nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba nadhani mpangilio wa vitalu vyake una kasoro, safu za pembeni zinapata maji zaidi. Kukawa kimya. Akasimama, akaenda ubaoni, akachora shamba, akasema, "Onyesha." Tulibadilisha mpangilio msimu uliofuata. Naomba mtu yeyote anayesimamia vijana kwenye taasisi zetu ajaribu neno hilo moja, onyesha, aone kitakachotokea.

Maktaba kuu ina mkusanyiko wa vitabu vya Afrika ulio miongoni mwa mikubwa Marekani, kwa sababu kituo cha masomo ya Afrika kiko pale tangu 1960, na Kiswahili kinafundishwa. Nilikuta huko ripoti za kilimo za Nyanda za Juu Kusini ambazo nyumbani nilikuwa nimeambiwa zimepotea. Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja.

Halafu kuna chupa za Beal. Mwaka 1879 profesa wa mimea William Beal alizika chupa 20 kwenye kampasi, kila moja ina mchanga na mbegu za magugu, punje 50 za kila aina. Wakulima walikuwa wanataka kujua watapalilia mpaka lini ndipo mbegu za magugu ziishe udongoni. Mpango ulikuwa kufukua chupa moja kila miaka mitano; waliomfuata wakaongeza ikawa kumi, kisha ishirini. Mahali zilipo ni siri, anayestaafu anamwonyesha anayebaki. Aprili 2021, mwezi mmoja kabla sijaondoka, walikwenda na tochi kabla hakujapambazuka ili mwanga wa jua usiziguse mbegu, wakafukua moja. Baada ya miaka karibu 142 baadhi ya mbegu ziliota. Chupa inayofuata ni ya 2040 na ya mwisho ni ya 2100.

Nilipita kwenye bustani ya mimea ya chuo, yenye jina la Beal, wiki hiyo nikakaa kwenye benchi muda mrefu. Nilikuwa nakumbuka mradi mmoja nilioufanyia kazi kabla ya kusafiri. Vitalu vyetu vilikuwa vya miaka sita. Fedha zilikatika mwaka wa tatu, msimu uliofuata pakapandwa mahindi ya watu, na daftari zikabaki kwenye boksi. Hapa swali la mkulima wa 1879 bado lina mtu wa kulitunza, na atakayelifunga bado hajazaliwa. Hili siwezi kulipa alama, sijui ningelipima kwa nini.

Maisha ya nje ya kazi nitayapitia haraka. Baridi: mimi ni mtu wa Tukuyu, nilidhani naijua baridi. Januari inashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, na kope zinagandana. Nunua viatu vya theluji kabla ya koti. Nyumba: kaa mwaka wa kwanza kwenye nyumba za chuo. Mimi mwaka wa pili nilihamia kwa mwenye nyumba binafsi, nikahama baada ya miezi kumi na mbili nimeacha pamesafishwa, naye akabaki na amana yangu yote kwa kisingizio cha zulia ambalo nililikuta limechanika. Piga picha kila chumba siku unayopewa ufunguo. Aiskrimu ya duka la maziwa la chuo, Anthony Hall, inatengenezwa pale pale kampasini. Nenda Mei jua linaporudi.

Upweke ndio ulionitesa. Mwanangu nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka minne. Niliporudi alikuwa na tisa na alinisalimia "shikamoo" kama anavyomsalimia mgeni. Hakuna posho inayofidia hilo, na anayefikiria kwenda akiwa na mtoto mdogo asidanganywe na mtu, hata na mimi.

Walioniokoa ni Wakongo. Lansing imepokea wakimbizi wengi, na Jumapili moja kwenye basi mama mmoja alinisikia nikiongea na simu. Akageuka: "Dada, unatoka fasi gani?" Nikasema Mbeya. Akasema yeye ni wa Uvira, kisha akanishika mkono mpaka kituo cha mwisho, akanipeleka kanisani kwao, akanilisha sombe na ugali wa unga mweupe aliojua yeye unapouzwa. Kwa miaka minne nilikuwa na mama wa pili. Maharage yangu ya majaribio yaliyokuwa yamekwisha kupimwa niliomba ruhusa nikampelekea, na ndiye aliyeniambia kwamba aina ninayoisifia kwa kuiva haraka inatoa mchuzi mwepesi ambao watoto wake hawautaki. Niliandika. Liko kwenye tasnifu, ukurasa wa majadiliano, bila jina lake kwa sababu alikataa.

Nani aende? Mwenye swali. Kama unataka cheti upandishwe daraja, kuna njia fupi na za joto zaidi, na nyingine ziko Morogoro. Kama una jambo shambani linalokunyima usingizi, na uko tayari kuulizwa hela ya mtu iko wapi katika jambo hilo, andika barua.

Niliporudi Uyole sikuwa na kifaa cha Mattson, na bei yake haiingii kwenye bajeti yetu. Nilichora vipimo kwenye karatasi nikaenda kwa fundi mmoja Mwanjelwa anayetengeneza mageti na majiko. Aliitazama karatasi, akauliza, "Mama, hii ni ya kuchomea mishikaki?" Nikamweleza. Akasema hata mke wake analalamikia maharage. Alitengeneza mara tatu. Ya kwanza fimbo zilikwama, ya pili zilikuwa nyepesi, ya tatu ikafanya kazi. Ina fimbo 25. Wiki iliyopita tulipima aina 12 kutoka Mbozi na Ileje, na mke wa fundi alikuja na kikombe cha maharage yake ya nyumbani kuomba yapimwe. Yalichukua saa moja na dakika 17. Ameniachia kikombe, na ameuliza lini aje na majirani zake.